Uzi: Kwenda kuchimba ngome ya Warumi pale Vindolanda, na jinsi ya kuchagua shule ya uwandani ya akiolojia

#1 Mchanga Mweusi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi mmoja wa masomo ya nje kijana aliuliza kama mtu asiye na digrii ya akiolojia anaweza kwenda kuchimba magofu ya Warumi huko Ulaya. Akajibiwa kwa mkato kwamba hayo ni mambo ya maprofesa. Si kweli, na jibu lile liliniuma, maana wapo vijana wengi wenye hamu hiyo wanaokatishwa tamaa kabla hawajauliza mara ya pili. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee, naishi kaskazini mwa Uingereza, na likizo yangu nimeitumia Vindolanda, magoti kwenye tope na mwiko mkononi, nikielekezwa na watu ambao hiyo ndiyo kazi ya maisha yao. Naweka hapa ninayoyajua. Nitashusha kwa vipande, mwenye swali aulize.

Vindolanda ni ngome ya jeshi la Roma iliyoko Northumberland, kusini kidogo mwa Ukuta wa Hadrian, ukuta wa mpaka ambao Warumi waliujenga kaskazini mwa Uingereza. Ukuta wenyewe ulianza kujengwa mwaka 122 na unakwenda kama kilomita 117 kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Ngome ya kwanza ya Vindolanda ni ya zamani kuliko ukuta, ilisimama karibu mwaka 85. Na haikuwa ngome moja. Kikosi kikihamishwa kilibomoa majengo yake ya mbao, na waliokuja baadaye walimwaga udongo wa mfinyanzi na mabamba ya nyasi juu ya mabaki yale, wakajenga upya. Likafanyika hilo tena na tena, hadi leo wamezitambua ngome tisa zilizopandana.

Siri ya mahali hapa iko kwenye huo mpandano. Vilivyokuwa chini kabisa vilifungiwa kwenye unyevu bila hewa, na bakteria wa kuozesha wanahitaji oksijeni. Kwa hiyo mbao, ngozi, vitambaa, hata majani waliyotandaza sakafuni, vimekaa humo karibu miaka 1,900. Sehemu nyingine za Warumi utaona mawe na vigae, yaani vipande vya vyungu. Hapa wametoa viatu vya ngozi zaidi ya 5,000, kiti cha choo cha mbao mwaka 2014, glavu za ndondi mwaka 2017. Na zile barua.

Barua ziligunduliwa mwaka 1973 na Robin Birley. Baba yake, Eric Birley, ndiye aliyelinunua shamba lenye magofu hayo mwaka 1929, na familia hiyo inachimba hapo hadi leo. Robin alitoa kwenye tope vipande vya mbao vyembamba, milimita chache tu, akaona vina maandishi ya wino. Vilipokaa hewani maandishi yakafifia kabisa, ikabidi vipigwe picha za infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, ndipo yakasomeka. Leo zimefika zaidi ya 1,700. Moja ni ya mwanamke aitwaye Claudia Severa, anamwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba, karibu mwaka 100. Karani ndiye aliyeandika sehemu kubwa, lakini mwishoni Severa ameshika kalamu mwenyewe na kuongeza maneno yake. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kilatini tunayoyajua kutoka kwenye mkono wa mwanamke.

Iliyonishika mimi ni nyingine, kwa sababu ya kazi yangu. Ni hesabu ya askari wa Kikosi cha Kwanza cha Watungri. Wako 752, lakini 456 wako nje ya ngome kwa kazi mbalimbali, wamebaki 296. Kati ya hao 31 hawafai kazi siku hiyo: wagonjwa 15, waliojeruhiwa 6, na wenye maumivu ya macho 10. Kila ninapoingia zamu naandika orodha ya aina hiyohiyo: nani yuko, nani ameenda hospitali, nani ana homa. Nimesimama mbele ya maneno yale nikaona mtu mwenzangu kazini.

Kipande kijacho ni kazi yenyewe ilivyo.

#2 Kaka wa Ilala

Nakaa siti ya mbele. Tiririka mkuu.

#3 binti_Rufiji

Mada nzuri sana, mimi niliisoma akiolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nitachangia nikipata nafasi. Endelea kwanza.

#4 Mchanga Mweusi

Tuendelee.

Msimu wa Vindolanda unaanza Aprili hadi Septemba, siku za kazi. Wanaojitolea huandikishwa kwa vipindi, kwa kawaida wiki mbili. Wapo wastaafu, walimu, madereva, wanafunzi, na wengine wanarudi kila mwaka kwa miaka mingi. Pamoja na hao, Chuo Kikuu cha Western cha Kanada kina shule yake ya uwandani hapohapo, yaani mafunzo ya kuchimba kwa vitendo, wanafunzi wake wanachimba na matokeo yanahesabika kwenye masomo yao. Kwa hiyo kwenye eneo moja unaona njia mbili: ya raia wa kawaida anayejitolea na ya mwanafunzi anayelipia masomo. Tope ni lilelile.

Vifaa ni vya fundi ujenzi. Sepeto na sululu kwa udongo wa juu, toroli na ndoo za kuutoa, kisha mwiko. Mwiko wa akiolojia ni mdogo, wa inchi nne, chuma kimoja kutoka ubapa hadi shina ili usikatike. Huchongi nao wala huchomi nao chini. Unaulaza, unavuta ukingo wake kuelekea kwako, unaondoa udongo mwembamba kama ganda la kitunguu, na unarudi nyuma polepole ili usikanyage ulikokwisha kusafisha. Mgongo unauma. Magoti yanauma zaidi.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana uzi wote uko hapa. Palipokuwa na udongo wa njano, ghafla unaona duara la weusi upana wa sahani. Macho peke yake hayatoshi, unabonyeza kwa ncha ya mwiko: nje ya duara ni pagumu, ndani ni laini, mwiko unazama. Mwiko unasimama, unamwita msimamizi. Hapo palikuwa na nguzo. Nguzo imeoza au imeng'olewa, shimo lake likajaa udongo wa baadaye. Ukipata duara la pili na la tatu kwenye mstari mmoja, umepata ukuta wa nyumba ambayo haina tena hata ubao mmoja. Asiyefundishwa angelichimba duara lile na kulitupa kwenye toroli, na nyumba ile ingekuwa imepotea mara ya pili, safari hii moja kwa moja.

Kila tabaka, yaani kila safu ya udongo, linapewa namba yake, linapimwa kimo, linapigwa picha, linachorwa, linaandikiwa fomu: rangi, ulaini, liko juu ya lipi na chini ya lipi. Kigae kilichotoka tabaka namba fulani kinaingia kwenye trei yenye namba hiyo na si nyingine. Kigae kisichojulikana kimetoka tabaka gani hakina maneno tena ya kutuambia, hata kiwe kizuri namna gani. Kuchimba ni kuharibu. Tabaka ukishalitoa halirudi. Kinachobaki ni ulichoandika.

Ndiyo maana nasema anayetafuta shule aulize kwanza nani atamfundisha kuusoma udongo. Shule inayojitangaza kwa dhahabu na sanamu, kaa nayo mbali.

Mara moja nilikuwa karibu na mama mmoja mstaafu alipofikia kiatu. Kwanza harufu, kama kinyesi cha ng'ombe kilichofungiwa, kwa sababu tabaka lile halijapata hewa tangu enzi hizo. Kisha ukingo mweusi unaong'aa kidogo. Akaweka mwiko pembeni, akaendelea kwa vidole na kijiti cha mbao, huku msimamizi akinyunyiza maji. Ikatoka soli nzima, na misumari midogo ya chuma ingali imepangwa chini yake kwa mistari. Pembeni yake kipande cha ubao kilianza kupata vumbi la bluu mbele ya macho yetu. Ni madini yaitwayo vivianaiti, yanatokana na chuma na fosfeti, na rangi hiyo hutokea yakikutana na hewa. Kiatu kikawekwa kwenye boksi kikiwa kimelowa. Kikikauka tu hovyo, kinajikunja na kupasuka. Kilikuwa kidogo. Cha mtoto. Ndani ya ngome ya jeshi.

#5 Kaka wa Ilala

Mtoto ngomeni? Si walikuwa askari tu?

#6 Mchanga Mweusi

Ndivyo vitabu vilivyosema muda mrefu, mkuu. Kisheria askari wa kawaida hakuruhusiwa kuoa akiwa kazini. Lakini viatu vya wanawake na watoto vimetoka hata kwenye mabaki ya kambi za askari, na havikuwa vya bahati mbaya, ni vingi. Familia zilikuwepo. Hilo limethibitishwa na ngozi za viatu na watu wenye subira ya kuandika kila kimoja kimetoka chumba gani. Ungepata viatu 5,000 bila namba za tabaka usingejua lolote zaidi ya kwamba Warumi walivaa viatu.

#7 Mzalendo wa Kati

Naomba kuuliza bila kumkwaza mtu. Sisi tuna Kilwa, tuna Engaruka, tuna Kaole. Magofu yetu yanaliwa na miti. Halafu Mtanzania anakwenda kulipa hela akachimbe kambi ya wakoloni wa Kirumi kwenye baridi. Hii imekaaje?

#8 Mchanga Mweusi

Swali halali, na limenikalia hata mimi.

Kwanza, Ukuta wa Hadrian haukuwa wa wazungu peke yao. Pale South Shields, mwisho wa mashariki wa mpaka ule, kuna ngome ya Arbeia, na humo limehifadhiwa jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor. Limeandikwa wazi: wa kabila la Wamori, yaani kaskazini magharibi ya Afrika, umri miaka 20, mtumwa aliyeachwa huru na askari farasi aitwaye Numerianus, ambaye ndiye aliyemsindikiza hadi kaburini. Upande wa magharibi, Burgh by Sands, kulikuwa na kikosi kizima cha Wamori karne ya 3. Na mfalme Septimius Severus, aliyekuja Uingereza mwaka 208 kwa vita vya kaskazini na akafia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Nikiwa nimeshika mwiko pale sikujiona mgeni wa historia ile.

Pili, ujuzi hauna mpaka. Kutofautisha tabaka na tabaka, kuchora, kupima, kuchekecha udongo, ni kilekile Kilwa na Vindolanda. Ila hilo la Kilwa nawaachia wenye taaluma yake, binti_Rufiji ameahidi.

#9 binti_Rufiji

Nimerudi. Mzalendo, uchungu wako naushiriki, nimefanya fildi kwenye maeneo ambayo fundi alichukua mawe ya gofu akajengea choo. Lakini uhusiano wa Warumi na pwani yetu upo, tena wa moja kwa moja.

Karne ya 1, mfanyabiashara wa Misri ya Kirumi aliyeandika Kigiriki ametuachia mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, maarufu kama Periplus. Anaieleza pwani anayoiita Azania hadi soko la mwisho, Rhapta. Anataja bidhaa kabisa: waliokuja walileta mikuki, mashoka, visu, sindano za kutobolea na vitu vya kioo, wakaondoka na pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Anataja hadi vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Rhapta ilikuwa wapi hasa wataalamu bado wanabishana, lakini mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa ya shanga za Kirumi kutoka eneo la delta ya Rufiji. Shanga ni vitu vidogo mno, huonekana udongo ukichekechwa badala ya kutupwa.

Basi mtu wa pwani anayekwenda kujifunza jinsi kioo cha Kirumi kinavyotambulika, na vigae vya mitungi ya mvinyo vinavyoonekana, amejiandaa kwa kazi ya nyumbani. Siku kigae cha namna hiyo kikitoka Mafia au Rufiji, nataka aliyepo pale awe mwenzetu anayekitambua kwa jicho.

Na kwa walioko Tanzania: somo la akiolojia linafundishwa Mlimani tangu 1985, na wanafunzi wanakwenda uwandani. Kuchimba malikale, yaani mabaki ya kale, bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo usichukue jembe ukaenda Kaole. Lakini miradi yenye leseni huhitaji mikono. Ulizeni.

#10 Mzalendo wa Kati

Nimekupata dada, na mleta mada pia. Haya ni madini. Hilo la Victor sikulijua kabisa.

#11 Mwanafunzi Nairobi

Habari zenu. Mimi niko mwaka wa pili chuo hapa Nairobi, historia. Nimeona shule za Italia, ada ni dola elfu kadhaa kwa wiki nne au tano, tena bila nauli. Hizo zinafaa ama ni biashara? Na nitajuaje?

#12 Mchanga Mweusi

Karibu ndugu yangu. Bei pekee haikuambii. Nitakusimulia ninavyozipima.

Jambo la kwanza ni kibali na mwenye mradi. Italia malikale ni mali ya taifa, hakuna anayechimba bila kibali cha serikali. Mradi wa kweli unasema wazi uko chini ya chuo gani na kibali cha nani. Mfano mzuri ni Gabii, mji wa kale kama kilomita 18 mashariki ya Roma. Chuo Kikuu cha Michigan kinauongoza mradi huo, uchimbaji ulianza 2009, na kwa kuwa mji ule uliachwa na haukujengewa juu, wanafunzi wanaona mpango wa mji wenyewe. Pompeii nayo inajulikana kwa kila mtu, na karibu theluthi moja yake haijachimbwa, ila sehemu kubwa ya kazi ya leo pale ni uhifadhi wa kile kilichokwisha kufunuliwa. Kwa hiyo jina kubwa la mahali lisikuvute peke yake.

Halafu tafuta walichochapisha. Mradi ambao umechimba misimu mingi na hakuna ripoti hata moja inayosomeka, mimi nisingeupa shilingi. Wanakusanya ada na kuharibu ardhi. Wenye heshima wana ripoti ya kila msimu, mara nyingi bure mtandaoni. Isome. Ukiisoma utaona pia wanachimba nini hasa, maana mtu akipenda makaburi na mradi uko kwenye karakana za vyungu, atachoka mapema.

Na hili ndilo la kulibana sana: waulize siku ya mwanafunzi inagawanywaje. Shule halisi inakuzungusha. Leo unachimba, kesho unaosha vigae kwa mswaki, keshokutwa uko kwenye mashine ya kupimia ardhi, siku nyingine unatia udongo majini ili mbegu zilizoungua zielee uzikusanye kwenye chekecheo. Unachora kwa penseli na karatasi ya mraba. Unajaza fomu ya tabaka mwenyewe na msimamizi anaisahihisha mbele yako. Wanafunzi wangapi kwa msimamizi mmoja? Wakikwepa swali hilo, umeshajibiwa. Kuna dada mmoja namfahamu alikwenda kwenye mradi mmoja kusini mwa Ulaya, nchi sitaitaja, akasukuma toroli kipindi chote. Hakushika fomu hata mara moja. Alilipa ada kamili, akarudi na misuli.

Malazi, chakula na bima viko ndani ya ada au nje? Kama unahitaji masomo yahesabike chuoni kwako, pata barua ya mkuu wa idara yako kabla hujalipa, kwani bila makubaliano ya mapema krediti za nje zinaweza kukataliwa.

Pa kutafutia: Taasisi ya Akiolojia ya Marekani, AIA, ina orodha ya mtandaoni ya miradi duniani kote inayopokea wanafunzi na wanaojitolea. Kwa Uingereza, tazama Baraza la Akiolojia la Uingereza. Ufadhili upo lakini soma masharti kwa makini, kuna wa AIA unaowahusu wanaosoma Marekani na Kanada tu, kwa hiyo wenzetu walioko vyuo vya huko waufuatilie.

Kwa mfuko mdogo, kama tayari uko Uingereza au una ndugu huko, njia ya kujitolea Vindolanda ni nafuu mno kuliko shule za kulipia, ila malazi na chakula ni juu yako.

#13 Mwanafunzi Nairobi

Asante sana. Sasa viza je? Nikiwa Kenya naweza kuingia kama mgeni halafu nijitolee?

#14 Mchanga Mweusi

Hapa nakuomba usisikilize maneno ya vijiweni, soma ukurasa rasmi wa serikali siku unayoomba, maana masharti hubadilika. Kwa ninavyoyafahamu, mwenye viza ya mgeni Uingereza anaruhusiwa kujitolea kwenye shirika la hisani lililosajiliwa, jumla isizidi siku 30, na kujitolea huko kusiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Vindolanda inaendeshwa na shirika la hisani, lilianzishwa 1970. Kwa Italia utahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na ya muda mfupi inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180.

Mradi ukikukubali, omba barua yenye tarehe, anuani, jina la chuo au shirika, na nani anagharamia nini. Na usimlipe mtu wa kati anayejidai ana nafasi za kuuza. Nafasi hizi unaandikishwa mwenyewe. Vindolanda hufungua uandikishaji miezi kadhaa kabla ya msimu na vipindi hujaa haraka sana, kwa hiyo kaa macho kuanzia mwishoni mwa mwaka.

#15 Kaka wa Ilala

Mkuu, ukipata kitu cha thamani wanakugawia japo kidogo? Au unaondoka mikono mitupu?

#16 Mchanga Mweusi

Mikono mitupu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vyote vinakwenda maabara, kisha makumbusho yaliyopo hapohapo Vindolanda. Barua nyingi ziko British Museum, London, na nyingine zimerudi kuonyeshwa Vindolanda. Mtu akitia kigae mfukoni amefukuzwa, na anastahili. Kwangu malipo ni kwamba trei yenye namba ya tabaka nililolisafisha iko stoo, na mtafiti wa miaka 50 ijayo akiifungua atajua kila kigae kilikaa wapi.

Niongeze jambo linalonisumbua. Hayo mabaki ya ngozi na mbao yamedumu kwa sababu ardhi imelowa. Ardhi ikikauka, hewa inaingia, kila kitu kinaoza kimyakimya kabla ya kuchimbwa. Kilomita chache magharibi kuna ngome nyingine ya shirika linaloendesha Vindolanda, Magna, jirani na kinamasi, na wameanza mwaka 2023 mradi wa miaka mitano hasa kwa hofu kwamba mabadiliko ya tabianchi yanaikausha. Mwaka 2025 wametoa kiatu huko chenye urefu wa sentimita 32. Nao wanapokea wanaojitolea. Hii si kazi ya kusubiri, na kila mkono ulioelekezwa vizuri una nafasi yake.

#17 binti_Rufiji

Hilo la ardhi kukauka ni kama letu la bahari kula fukwe. Kilwa Kisiwani iko kwenye urithi wa dunia tangu 1981 na mawimbi yameshabomoa kuta. Tofauti ni kwamba wenzetu wameshapanga bajeti ya kuwahi.

#18 Mwanafunzi Nairobi

Nimeamua kuandika maombi, moja Italia, moja Uingereza. Niambie basi vitu vya kubeba, na barua pepe ya kwanza niandike nini. Sina uzoefu wowote wa kuchimba.

#19 Mchanga Mweusi

Safi sana.

Vya kubeba, kwa Northumberland: buti za kuzuia maji zilizokwisha kuzoea mguu, koti la mvua na suruali yake, sweta hata kama ni Julai, vitambaa vinene vya kupigia magoti, glavu. Mvua inaweza kunyesha mara nne kwa siku na jua likatoka katikati. Kwa Italia geuza kila kitu: kofia pana, mikono mirefu myepesi, maji mengi, mafuta ya jua hata sisi weusi tunahitaji. Kote kuwili hakikisha chanjo ya pepopunda haijaisha muda. Mwiko waulize wenyewe kama wanatoa. Ukinunua, nunua wa akiolojia wa inchi nne, ule wa kupigia plasta ni mpana mno. Kufika Vindolanda, treni ya Newcastle kwenda Carlisle inasimama Haltwhistle na Hexham, na kwa msimu kuna basi namba AD122 linalopita kando ya ukuta.

Barua pepe iwe fupi. Jina, chuo, mwaka wa masomo, tarehe unazoweza. Sema wazi kwamba hujawahi kuchimba, hakuna anayekutegemea uwe umechimba. Kisha taja kitu kimoja ulichosoma kwenye ripoti yao ya mwisho na swali moja juu yake, swali la kweli, lile ambalo ulilisoma mara mbili usielewe. Wanapokea barua nyingi za kusifia Warumi, chache za mtu aliyesoma ripoti. Mwishoni uliza wasimamizi ni wangapi na kama kila mwanafunzi anajaza fomu zake za tabaka. Ukimaliza rasimu ibandike hapa, mimi na binti_Rufiji tutaipitia kabla hujaituma.

#20 binti_Rufiji

Niko tayari. Na uweke ripoti uliyoisoma, nami niisome.